Ufa Uliokulia Mikononi Mwenu

Kwa Meneja wa Madai,
Kampuni ya Bima,
Ghorofa ya tatu, mlango ulioandikwa "Sukuma" ambao hufunguka kwa kuvutwa.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kile kiti chako kinachozunguka, na madirisha yako yote yana vioo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa kioo cha mbele cha gari la mama mkwe wangu, na hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Mimi ni fundi miwani. Duka langu liko mtaa wa nyuma ya ofisi yenu, ubavuni mwa mchonga funguo. Nimewatengenezea miwani watu wawili wa idara yako, ingawa kwa jinsi wanavyozisoma fomu zangu, naona huwa wanaiacha nyumbani. Nayasema haya ili ujue kwamba hakulalamikii mtu asiyejua kioo. Vioo ndivyo vinavyonilisha mimi na mke wangu.

Jambo lenyewe ni hili. Mama, yaani huyo mama mkwe wangu, ana mtihani wa udereva Alhamisi ya wiki ijayo. Ofisa wa mtihani ameshasema hapokei gari lenye ufa mbele ya macho ya dereva. Kioo kipya bila bima hatukiwezi. Na Mama ametutangazia, mimi na mke wangu, tena akiwa na sindano mdomoni, kwamba akiukosa mtihani huu leseni yake ya kujifunzia itaisha, na ikiisha, gari liuzwe na asisikie mtu akilitaja tena ndani ya nyumba ile. Mama si mtu wa kusema halafu akasahau. Kwa hiyo naomba uyasome malalamiko yangu kwa utulivu, lakini upesi.

1. Kuhusu jiwe.

Jiwe lilirushwa na gurudumu la lori la kokoto lililokuwa mbele yetu. Lori halikusimama, na sidhani kama lilijua. Fomu yenu inataka jina na anwani ya aliyesababisha hasara. Niliandika "Jiwe". Dada wa mapokezi akanirudishia fomu kwa upole, akaniambia, "Kaka, hapa wanataka mtu." Nikaandika "Dereva wa lori, anwani: mbele yetu". Ikarudi tena, safari hii ikiwa na duara jekundu.

Baadaye mkadiriaji wenu aliuliza kama jiwe lenyewe lipo. Lipo. Lilinasa kwenye waipa, Mama akaliokota na kulitia kwenye kopo lake la vifungo, maana yeye ni fundi cherehani na hatupi kitu. Nimelifunga kwenye kipande cha kitambaa na kuliambatisha na barua hii. Likishatoa ushahidi naomba lirudishwe, kwa sababu siku hizi analitumia kukandamizia karatasi za vipimo.

2. Kuhusu malezi ya ufa.

Ndugu Meneja, ufa huu ulipozaliwa ulikuwa kitundu cha ukubwa wa punje ya dengu, kwenye kona ya chini, umejibanza karibu na stika yenu ya bima. Haukuwa na madhara kwa mtu. Fundi wa vioo, ambaye mtaa mzima unamwita Taratibu kwa sababu neno hilo humtoka kila anapogusa kioo, alikitazama na kusema kwamba tone la gundi yake maalumu lingekimaliza siku ile ile, kwa bei ya kandambili za mtoto.

Nikafanya kosa la kiungwana. Nikawapigia simu kuwaomba ruhusa. Nikajibiwa kwamba kioo kisiguswe na mtu yeyote hadi mkadiriaji akione kwa macho yake. Basi hatukukigusa. Tulikiona kinaota mkia. Tukapiga simu, tukaambiwa mkadiriaji yuko njiani. Mkia ukavuka stika. Tukapiga simu, mkadiriaji bado yuko njiani, na kwa muda aliotumia njiani nilianza kumwonea huruma. Alipofika, ufa ulikuwa umepanda toka kwenye stika hadi juu, mbele ya uso wa dereva, umenyooka vizuri kama kijana aliyelishwa vizuri. Taratibu akasema gundi haina kazi tena, hapa ni kioo kipya.

Mkadiriaji akaupima kwa tepu, akatikisa kichwa, akaandika: "Uzembe wa mwenye gari."

Nakuuliza kwa heshima: mtoto akikulia kwenye nyumba ya mtu, tena kwa amri ya mwenye nyumba kwamba asiguswe, analelewa na nani? Ufa huu umekulia mikononi mwenu. Sisi tulikuwa tunauangalia tu, kama mlivyoagiza. Ikiwa kuna mzembe hapa basi ni yule aliyekuwa njiani, na naomba neno lile lihamishiwe kwake.

3. Kuhusu bei.

Taratibu alinitajia bei ya kioo kipya. Nikamwomba arudie. Akarudia, akaniandikia kwenye karatasi, haikupungua. Nikaitafuta karatasi ambamo ninyi wenyewe mlikadiria thamani ya gari wakati tunakata bima, nikaziweka karatasi zote mbili juu ya meza ya duka, nikavaa miwani ya mteja yenye nguvu zaidi kuliko yangu. Kwa mujibu wa makadirio yenu, kioo kina thamani kubwa kuliko gari.

Sipingi makadirio yenu. Naomba tu yafuatwe hadi mwisho wake. Ikiwa kioo ni ghali kuliko gari, basi kilichokatiwa bima ni kioo, na gari ni kifaa cha kukibebea. Injini, milango, magurudumu na ile redio inayoshika kituo kimoja ni vikorokoro vya kioo. Kwa hiyo mlipotuandikia kwamba "gari halikupata hasara kubwa", mlikuwa mnatuambia kwamba vikorokoro viko salama na kioo chenyewe kimekufa. Ukipokea taarifa ya msiba wa aina hiyo sidhani kama utafarijika kusikia kwamba viatu vya marehemu ni vizima.

4. Kuhusu stika.

Nilipoendelea kuwasumbua, mlinipa sharti jipya: madai hayatashughulikiwa hadi stika ya bima irudishwe ofisini ikiwa nzima, ndipo mtoe nyingine kwa ajili ya kioo kipya. Stika yenu, kama unavyojua, imebandikwa kwenye kioo kwa gundi ambayo laiti mngenipa mimi ningeacha kutumia skrubu dukani. Haibanduki nzima. Hutoka vipande vipande, na stika ya vipande mnasema ni batili, na gari lenye stika batili halina bima, na gari lisilo na bima haliwezi kudai kioo.

Nilimuuliza dada wa mapokezi kama naweza kuleta stika ikiwa bado kwenye kioo na kioo kikiwa bado kwenye gari. Akashuka kuuliza, akarudi, akasema naweza, mradi gari lisiendeshwe barabarani na ufa ule. Yaani gari lije ofisini bila kutembea. Nililifikiria jambo hilo usiku kucha, hata mke wangu akaniuliza nina nini.

Dukani kwangu mtu akivunjikiwa na kioo cha miwani namwekea kioo. Simwambii aniletee na pua iliyokuwa chini yake.

5. Kuhusu Mama mwenyewe.

Hapa naomba usiharakishe. Gari hili lilikuwa la baba mkwe. Mama alikaa kiti cha abiria miaka yote ya ndoa yao, kapu la vitambaa mapajani, na kila alipouliza kama na yeye angeweza kujaribu, mzee alimjibu kwa mapenzi kabisa, "Kaa tu, mama watoto, mimi nipo." Alikuwa mtu mwema, na maneno yake yalikuwa kweli hadi mwaka jana alipotutoka.

Baada ya hapo gari lilikaa uani limefunikwa shuka. Mama alilifua shuka lile kila wiki na kulirudisha. Sare za shule anazoshona akawa anazipeleka kwa kukodi mkokoteni. Halafu siku moja alikuja dukani kwangu, akakaa kwenye kiti cha kupimia macho, akasoma herufi zote hadi za mwisho chini bila kuombwa, akasema, "Mkwe wangu, macho yangu mazima. Nifundishe gari." Nikafunga duka mapema siku ile, kwa sababu ambayo sitaieleza kwa kampuni ya bima.

Kumfundisha mama mkwe si kazi ndogo. Miguu yake imezoea cherehani, hukanyaga yote miwili kwa zamu, mbele na nyuma, kwa hiyo siku za mwanzo gari letu lilitembea kama mtu anayesinzia kwenye mkutano. Halafu kuna suala la heshima. Siwezi kumpigia kelele. Hadi niwe nimemaliza kusema, "Mama, samahani, kama hutajali, naomba breki," pipa la mazoezi limeshalala chini. Lakini anajifunza. Hupaki rivasi kati ya mapipa mawili uani kwetu, akatoka nje, akashika kiuno na kulitazama gari kama anavyolitazama gauni lililomkaa mteja. Ungemwona wakati huo, Ndugu Meneja, ungelipa kioo kutoka mfukoni mwako.

6. Kuhusu kuingilia masomo.

Hili ndilo zito, na ndilo ninalodai fidia. Cherehani ya Mama ina alama kwenye bati chini ya sindano. Kitambaa kikifuata alama, mshono unanyooka. Sasa, kwa kuwa ufa wenu ulikuwa unakua mbele ya macho yake wakati ule ule anajifunza, yeye ameugeuza alama. Akiuweka ufa juu ya ukingo wa barabara, gari hunyooka. Akikata kona hupimia ufa. Hata rivasi, huanza kwa kuuelekeza ufa kwenye nguzo ya kamba ya nguo, ndipo anageuka kutazama nyuma.

Nilimwambia, kwa heshima ile ile, kwamba dereva hutazama barabara. Akanijibu, "Ninaitazama. Nimeipiga mstari tu." Mimi ndiye mwalimu, lakini darasani kwangu ameingia mwalimu wa pili ambaye sikumwajiri, ametumwa na kampuni yenu, na mwanafunzi anamsikiliza yeye kuliko mimi. Nalichukulia hilo kama dharau ya kikazi.

7. Kuhusu ninachoomba.

Naomba moja kati ya haya, na nimeyapanga kwa kuzingatia hali yenu.

La kwanza ni kwamba mtoe kibali cha kioo kipya kabla ya Alhamisi, bila stika, bila anwani ya lori, bila mtu kuwa njiani.

Ikishindikana, naomba kampuni iutambue ufa rasmi kuwa ni wake na ije iuchukue. Sisi tumeulea vya kutosha. Mje na kifaa chochote mtakachoona kinafaa, muutoe, mtuachie kioo.

Ikishindikana hilo pia, ninalo pendekezo ambalo nimelipima kutoka pande zote na sioni kasoro yake. Wiki iliyopita, nikiwa nasubiri nje ya jengo lenu, niliona gari lako kwenye maegesho, chini ya kile kibati chenye cheo chako. Ni aina ile ile ya gari letu, ila lako limeoshwa. Kioo chake cha mbele hakina hata doa. Nilimwita Taratibu, akasimama nje ya uzio, akafumba jicho moja, akasema kinaingia bila kusukumwa. Naomba utuazime kioo chako kwa asubuhi moja tu ya Alhamisi. Taratibu atakitoa yeye mwenyewe, taratibu. Kitarudishwa mchana kikiwa kimefutwa kwa kile kitambaa laini ninachofutia miwani. Na ili usipate shida ya upepo na wadudu unapokwenda kazini asubuhi hiyo, nitakupa bure miwani mikubwa ya wachomeleaji, imara, yenye mkanda wa nyuma ya kichwa. Njoo nikupime kichwa siku yoyote isipokuwa Jumapili.

Nadhani hakuna mtu mwenye nia njema anayeweza kukataa yote matatu.

Nikutakie kazi njema na moyo mkunjufu. Nisalimie dada wa mapokezi, ambaye hajawahi kunijibu vibaya hata siku ambayo mimi nilistahili. Nisalimie mlinzi aliyenipa mwavuli, na karani anayekunywa chai nyuma ya kabati akidhani haonekani. Msalimie pia mkadiriaji, kama amefika. Mke wangu anawasalimu. Mama hajawasalimu, amesema atawasalimu Alhamisi jioni kutegemea na hali.

Wako katika subira,

Fundi Miwani,
mkwe wa mwenye kioo.

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, dada wa mapokezi alipiga simu. Kibali kimetoka. Hakusema kwa nini na mimi sikuuliza, niliogopa kibali kisije kikasikia. Mama aliitoa stika nzima nzima kwa mvuke wa pasi yake, kazi ambayo sikujua inawezekana, na jana yake ya mtihani Taratibu akaweka kioo kipya. Kilikuwa safi kiasi kwamba nilinyoosha mkono kuhakikisha kipo. Nikaichana bahasha kwa furaha.

Mama akaingia, akashika usukani, akatazama mbele. Akaenda. Pipa la kwanza likalala. Akarudi, akaenda tena, likalala la pili, na kamba ya nguo ikatufuata hadi getini. Akazima gari. Alikaa, mikono mapajani, pale ambapo zamani lilikaa kapu. Halafu akasema, "Hakuna mstari." Mke wangu akaanza kulia na mimi nilijifanya naangalia tairi, kwa sababu nilijua ndiyo gari limeuzwa.

Mama hakulia. Alishuka, akaenda kwenye kioo cha zamani kilichokuwa kimeegemea ukuta, akakitandazia gazeti kama anayekata mkono wa shati, akaunakili ufa wote kwa penseli, toka kwenye alama ya stika hadi juu. Akalikata gazeti kwa mkasi. Akalipandisha kwenye kioo kipya, kwa ndani, na kwa kile kipande cha sabuni anachochorea vitambaa akachora mstari mwembamba, haukukosea hata mahali ulipopinda kidogo. Akaingia, akawasha gari, akaingia kati ya mapipa kwa mara moja tu.

Alhamisi ofisa wa mtihani aliugusa ule mstari, akanusa kidole, akamuuliza hiki nini. Mama akamwambia, "Ni sabuni, mwanangu. Hutaona kioo safi kuliko hiki leo." Amefaulu, Ndugu Meneja. Gari haliuzwi.

Kwa hiyo nafuta malalamiko namba moja hadi saba, na lile la sita naliombea radhi, mwalimu wenu alikuwa anafundisha vizuri kuliko mimi. Nina swali moja tu. Sabuni inafutika kila Mama anaposafisha kioo, na yeye husafisha kila siku. Je, bima kubwa inagharamia kurudisha ufa? Taratibu amekataa kuuweka kwa nyundo, anasema kazi hiyo ni kinyume cha maisha yake yote.

Barua naileta mwenyewe, kwa kuwa sasa ina ombi jipya, na haya ya mwisho nayaandikia garini chini ya dirisha lako. Uniwie radhi kwa mwandiko. Niko kiti cha abiria, kapu la sare mapajani, na Mama anarudi rivasi kwenye nafasi iliyobaki kati ya gari lako na ukuta. Nimemwambia, kwa heshima, kwamba nafasi ni ndogo. Amenijibu bila kugeuka, "Kaa tu, mkwe wangu, mimi nipo." Basi nimekaa. Nawe tafadhali usije ukalisogeza gari lako hadi amalize.